Mafigo Yetu

Nilipokuwa kijana seminarini, siku moja mkojo wangu uligeuka rangi ya chai nzito, na uso ukavimba. Niliona haya, nikanyamaza siku tatu. Nilifanya vibaya. Muuguzi aliniambia: «Mafigo yako yanaumwa. Ungekawia zaidi, ungeweza kufa.»

Tuna mafigo mawili, nyuma ya tumbo, karibu na mbavu za chini. Damu hupita humo mchana na usiku. Umemwona mama akisafisha nyumba? Hutoa vyombo vyote nje, kisha hurudisha vile vizuri, takataka huzitupa. Mafigo hufanya vivyo hivyo. Kila siku huchuja kutoka katika damu maji yapata litri 180, pamoja na chumvi, sukari na uchafu. Chembe za damu hazipiti. Halafu sukari, chumvi nyingi na karibu maji yote hurudi katika damu. Litri moja na nusu hivi hubaki pamoja na uchafu: ndio mkojo. Huo hushuka katika kibofu, nasi tunautoa nje.

Mungu hakuumba kiungo cha aibu. Ukiona mkojo mwekundu, usifiche. Mwambie baba, mama au mwalimu siku ile ile.