Si Kila Kitu Kihame

Akina mama wenzetu, kompyuta ikizeeka nyumbani, mashauri yanayotolewa upesi ni mawili: inunuliwe mpya, au ifutwe yote ianze upya. Sisi tulipewa yote mawili katika wiki moja. La kwanza lilituzidi mfuko. La pili lilitutia hofu, maana ndani ya mashine ile zilikuwamo picha za watoto tangu walipozaliwa, na sauti ya bibi yao akiwasimulia hadithi, tuliyoirekodi mwaka mmoja kabla Bwana hajamwita. Sauti ile hainunuliki dukani.

Kijana mmoja fundi akatueleza kwamba kompyuta yetu haikuwa mgonjwa mwili mzima. Diski yake ilikuwa ya sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo hukimbia huku na huku kutafuta kila faili. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziendesha nyingine zote, una maelfu ya faili ndogondogo, na kila asubuhi kichwa kile huhangaika kuzikusanya. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Huhifadhi kila kitu katika vipande vya elektroniki, kama simu zetu. Kwa hiyo husoma upesi sana.

Shida ilikuwa bei. Tuliyoimudu ilikuwa ya gigabaiti 240, na ile ya zamani ilikuwa ya 1,000. Je, mzigo wa gunia utaingia kikapuni?

Bwana Yesu alitoa mfano wa mjenzi wa mnara ambaye huketi kwanza akapiga hesabu. Nasi tukaketi. Tukaona kwamba gunia halikuwa limejaa: vilivyomo vilikuwa gigabaiti 400 tu. Kati ya hizo, picha na video zilichukua 320. Mfumo, programu na barua zetu vilikuwa 80. Tukaelewa hapo kwamba kinachohitaji mbio ni zile 80. Picha haihitaji mbio, inahitaji usalama.

Tukaanza na picha. Tulizinakili kwenye diski mbili za nje, moja tuliyonunua na nyingine tuliyoazima kwa shemeji, kisha tukafungua nyingi katika kila moja kuona kama zinafunguka kweli. Sauti ya bibi tuliisikiliza yote, mara mbili, na kazi ikasimama kwa muda. Baada ya hapo ndipo tulipozifuta kwenye kompyuta.

Kisha fundi akapunguza sehemu ya diski iliyokuwa na mfumo, kutoka gigabaiti 930 hivi hadi 200. Chombo cha Windows cha kazi hiyo kilikataa mwanzoni, kwa sababu faili ambayo kompyuta huandikia kazi zake inapolala usingizi mzito ilikuwa imekaa mbali, nayo haisogezwi. Akauzima usingizi huo, chombo kikakubali. Ndipo aliponakili yote kwenye SSD, pamoja na sehemu ndogo iliyofichika ambayo kompyuta huisoma kwanza inapowashwa. Sehemu hiyo ikisahauliwa, mfumo hauwaki.

Kunakili kulipokwisha, tuliichomoa diski ya zamani, tukawasha kwa SSD peke yake, ili mashine isichanganyikiwe kati ya mifumo miwili iliyo sawa. Ikawaka kabla hatujahesabu hadi 30. Programu zote zilikuwa mahali pake.

Hatukuifuta ya zamani siku ile. Tuliiweka kabatini mwezi mzima. Tulipoona hakuna kilichopungua, tuliisafisha, tukairudisha ndani ya kompyuta iwe ghala la picha. Diski ya kuazima ikarudi kwa mwenyewe, na ile ya kununua inakaa kwa shangazi yao, ili moto au mwizi asimalize nakala zote kwa siku moja. Picha hatukuziweka kwenye SSD pekee, kwa kuwa SSD ikikaa miaka bila umeme yaweza kupoteza kilichomo.

Kazi hii yaweza kufanywa na baba, na kijana wa nyumbani, au na fundi. Lakini mama hana budi kujua mambo matatu kabla bisibisi haijagusa mashine. La kwanza, vilivyomo ni kiasi gani. Usipime diski, pima mzigo. La pili, nakala mbili ziko wapi, na nani amezifungua akahakikisha. La tatu, kama diski ina kufuli ya BitLocker, zile tarakimu 48 za kuifungulia ziandikwe kwenye daftari. Fundi akishapokea malipo yake huenda zake, na kumbukumbu za nyumba hubaki mikononi mwetu.