Daftari la Mama

Mwaka 2013, nilipofungua pochi yangu ya kwanza ya Bitcoin, nilimcheka mama. Yeye alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wawili. Jumapili alifungua daftari mbele yao, akasoma nani kalipa na nani anadaiwa, kisha akalifungia sandukuni. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso. Nikamwambia mambo hayo yamepitwa na wakati.

Mimi sikuulizwa jina wala kitambulisho. Nilipewa anwani tu, mkururo wa herufi na tarakimu, nikaamini nimejifunika gubigubi. Nilikuwa nikifasiri hati za wateja wa ng'ambo, na wote niliwapa anwani hiyohiyo moja. Siku moja mteja mpya akakataa bei yangu. Alikuwa ameipekua anwani na kuona malipo yangu ya mwezi mzima, mengi yakiwa nusu ya nilichomtajia. Sikuwa na la kumjibu.

Leja ya Bitcoin iko wazi kwa yeyote tangu Januari 2009: kiasi, saa, anwani iliyotoa na iliyopokea. Anayefichwa ni mwenye jina tu, hadi siku atakapojitaja. Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wake, alishauri tangu 2008 kwamba kila muamala utumie anwani mpya. Mimi sikuwa nimesoma.

Kwa hasira nikahamia upande wa pili. Sarafu ya Monero ilipozinduliwa 2014, ikimchanganya mlipaji na wengine ili asitambulike, niliisifu kila nilipokaa. Aliyesema wezi nao wataitumia nilimwona mmbeya. Lakini sarafu za Bitcoin karibu 120,000 zilizoibwa kwenye soko la sarafu la Bitfinex mwaka 2016 zilifuatwa hatua kwa hatua kwenye leja ileile iliyoniumbua, na Februari 2022 Marekani ikakamata zaidi ya 94,000. Agosti mwaka huohuo ikaiwekea vikwazo Tornado Cash, programu ya kuchanganya sarafu, ikidai wadukuzi wa Korea Kaskazini waliitumia kusafisha pesa za wizi. Mmoja wa walioiandika akakamatwa Uholanzi. Hapo sifa zangu zikanikwama kooni: pazia nililolitaka kwa ajili ya ujira wangu lilimfaa na mwizi.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba sarafu nyingine, Zcash, iliyoanza 2016, inamruhusu mtu kuficha miamala yake, kisha akampa mkaguzi ufunguo wa kutazama. Mkaguzi husoma hesabu, lakini hawezi kutoa hata senti. Niliposoma maelezo yake nilikumbuka sanduku, Jumapili, na lile fundo kwenye leso.

Mama hayupo tena, na daftari lake liliishia na chama. Anwani yangu ya 2013 ingalipo. Haina kitu ndani, wala haifutiki. Atakaye kujua nilijiuza kwa bei gani nikiwa kijana, anaweza kuifungua hata usiku huu.