Nani Anampokea Dadangu?

Wapendwa wa Lanet,

Jumapili nilimpigia dadangu simu ya video. Aliiegemeza kwenye chupa ya chai, tukaanza kusalimiana, na kabla sijamaliza kuwaulizia nyote akasinzia papo hapo, kijiko cha uji mkononi. Nyuma yake mwanetu alikuwa akipanga vifuniko vya soda dirishani, vyekundu kivyake, vya kijani kivyake. Ana miaka 9, ana usonji, na usiku halali hadi saa nane. Sikukata simu. Nilikaa kimya hapa Leicester nikiulinda usingizi huo wa dakika 11.

Huku England, tangu Aprili 2011, sheria inazitaka serikali za mitaa ziwe na huduma za kuwapumzisha wazazi wa watoto wenye ulemavu. Mlezi aliyefunzwa huja nyumbani, au mtoto hupelekwa mahali kwa saa chache, pengine usiku kucha. Mzazi mwenyewe huulizwa: wewe unalala? Foleni ni ndefu, tena jirani wa ukuta mmoja hajui jina la mtoto wako. Nyinyi mnalijua. Ndiyo maana nimekasirika.

Kwetu mgeni hafiki langoni kabla hajapokewa mkoba. Mama akitoka kusagisha unga, anapokewa debe. Dadangu anapokewa na nani? Mnamletea maombi na mafuta ya upako, mnamwambia Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, kisha mnaenda kulala. Usonji si laana, si malezi mabaya, na hauambukizi.

Chama chenu hakijawahi kukosea zamu ya pesa. Basi wekeni zamu ya saa mbili kila Jumamosi. Aanze mtu mmoja, yuleyule, dadangu akiwepo mpaka mtoto amzoee. Kikombe chake cha bluu msikibadilishe. Lori likipiga honi kule barabara kuu naye akaziba masikio, mwingizeni ndani, msimkemee. Lango lifungwe, hukimbilia barabarani. Kadi yake ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, mmoja wenu aifuatilie. Shemeji, usiku wa Ijumaa ni wako, wewe ndiwe baba. Nawe dada, saa hizo mbili usifue nguo. Lala.

Nitapiga Jumamosi saa tisa alasiri. Nataka simu ipokewe na mmoja wenu, kijiko cha uji mkononi.