Tuta la Maji na Njia ya Baiskeli

Nchi ya Uholanzi imesifiwa kwa mambo mawili: kuzuia maji na kupanda baiskeli. Wenyeji wake wapata milioni 18, na baiskeli zao ni zaidi ya milioni 23, yaani hata kama kila mtu angepanda yake, nyingine zingebaki ukutani. Tena robo nzima ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari. Kama si matuta, pale wanapolisha ng'ombe pangekuwa makao ya samaki. Nataka kuwaeleza jinsi mambo hayo mawili yalivyokutana juu ya tuta moja, maana niliyaona kwa macho yangu mwaka 2022, nilipokaa wiki tatu kwa mwalimu mwenzangu karibu na mji wa Hoorn.

Tuta lile latoka Hoorn, lapita Edam, hata kufika Amsterdam. Umri wake ni wa karne nyingi. Halikunyoka kama reli, bali limepinda-pinda, nami nilidhani waliolijenga hawakujua kupima. Mwenyeji wangu alicheka, akanieleza sababu. Zamani tuta lilipopasuka, maji yaliingia kwa nguvu yakachimba shimo la kina kirefu lisiloweza kufukiwa. Basi watu wakalizunguka shimo kwa tuta jipya. Mengi ya mashimo hayo yamekuwa maziwa madogo yenye bata, na mpanda baiskeli akatapo kona pale azunguka jeraha la kale.

Na majeraha hayakuwa machache. Mwaka 1731 waligundua ya kuwa wadudu wa baharini watobozi, hao hao watobozi wa majahazi, wamekula magogo yaliyolinda matuta yao upande wa bahari, ikawapasa kununua mawe kutoka nchi za mbali za kaskazini. Mwezi Januari mwaka 1916 dhoruba ikavunja matuta ya upande ule, nchi ikafunikwa. Ndipo walipoazimu kuifunga ile ghuba yote, nao wakaifunga mwaka 1932 kwa tuta la kilometa 32, bahari ikageuka kuwa ziwa.

Mtu ataniuliza, Ikiwa bahari imefungwa, tuta la zamani la nini tena? Hata mimi niliuliza. Ziwa nalo lina mawimbi, na upepo wa kule si wa mchezo. Mwaka 2006 wakaguzi walilipima tuta wakaona ya kuwa kilometa 33 hazitoshi. Kosa halikuwa urefu wa kwenda juu tu, bali msingi. Chini ya tuta mna udongo mweusi wa majani yaliyooza tangu kale, mwororo kama sifongo, na tuta zito juu ya udongo kama huo huweza kuteleza zima-zima. Basi dawa yao katika sehemu nyingi ilikuwa kumwaga mchanga upande wa ziwani, mbele ya tuta la zamani, na kuuacha ukae hata udongo mwororo ukandamizwe na kutulia. Kazi hiyo haina haraka. Mtu akijenga juu yake kabla haujatulia, lami yake itapasuka.

Na hapo ndipo njia ya baiskeli ilipoingia. Kwa kuwa tuta lilikuwa likipanuliwa, walipanga ya kuwa wapanda baiskeli na waendao kwa miguu wapate nafasi yao, mahali pengine chini kidogo, kando ya maji. Kwa kazi moja na mchanga mmoja, watu wangepata ulinzi na njia.

Lakini msidhani kwamba wote walifurahi. Wengi walinung'unika ya kuwa tuta hilo ni kumbukumbu ya mababu, na kwamba mchanga utaharibu sura yake. Wengine walisema limepanuliwa kupita kiasi. Wakapeleka mashtaka yao mbele ya baraza kuu la hukumu, nalo mwaka 2020 likayakataa. Nami nilipokuwako, vipande vingine vya njia vilifungwa kwa ajili ya magari ya mchanga, tukazunguka mbali mashambani. Mama mmoja mzee aliniambia kwamba amevumilia upepo maisha yake yote, ila kuzunguka hawezi kuzoea.

Kuna jambo moja lililonipendeza kuliko mchanga wote. Matuta ya Uholanzi hutunzwa na mabaraza ya maji, ambayo asili yake ni ya karne za kati, na wajumbe wake wengi huchaguliwa kwa kura. Zamani kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutengeneza, na msemo wao ulikuwa kwamba asiyetaka kujenga tuta sharti ahame. Siku hizi watu hulipa kodi badala ya kushika jembe, lakini macho bado yanahitajiwa. Mwaka 2003, katika kijiji cha Wilnis, tuta la udongo ule mweusi lilivunjika bila dhoruba: ukame ulikuwa umelikausha likawa jepesi, maji ya mfereji yakalisukuma. Mwaka 2022 nao ulikuwa wa jua kali, na wakaguzi walikuwa wakipita juu ya matuta wakitafuta nyufa. Mwenyeji wangu hakuwa mkaguzi. Walakini kila tulipopita kwa baiskeli alitazama majani, na mashimo ya panya wa maji, na mahali penye unyevu pasipostahili. Ndiyo maana nasema tuta lenye njia lina walinzi wengi wasiolipwa. Kondoo nao wako kazini: hula majani yakawa mafupi na mazito, na kwato zao hushindilia udongo.

Kwetu kijijini tuna tuta la mto, dogo, lakini mashamba yote ya mpunga yanalitegemea. Baiskeli za wauza samaki hupita juu yake, magurudumu yakachimba mfereji, na mvua za masika hufuata mfereji huo huo. Wazee wakataka kuweka miiba ili baiskeli zisipite kabisa. Katika baraza niliomba ruhusa kusema. Nilisema kwamba wauza samaki ndio waliotuletea habari ya ufa wa mwaka jana, kabla hatujaamka. Tukiwafukuza, nani atapita huko alfajiri? Afadhali tupanue tuta upande wa mashamba kwa hatua mbili, tushindilie changarawe hapo, baiskeli zipite chini, na mgongo wa tuta uachiwe majani.

Walikubali kujaribu kipande kimoja, kutoka darajani hata mwembeni, nao wauza samaki wameahidi kuleta changarawe, kila mmoja magunia mawili. Ndipo mzee mmoja akauliza, “Na hao kondoo, mwalimu, tutawapata wapi? Sisi tuna mbuzi tu, na mbuzi hung'oa hata mizizi.” Jambo hilo bado tunalijadili.