Polonia: Watu Waliotunza Lugha Yao Mezani



Nchi ya Polonia iko katikati ya Ulaya. Magharibi imepakana na Ujerumani, kaskazini ina bahari ya Baltiki, na kusini ina milima ya Tatra. Mji wake mkuu ni Warszawa, kando ya mto Wisła. Sisi tunaowaandikia tu wageni huko: tulitoka Kongo kwa ajili ya masomo, na sasa twakaa katika mji wa Lublin. Tungependa kuwasimulia namna watu wa huko wanavyoishi, kwa maana yapo mambo kwao yanayofaa kutafakariwa na jamaa zetu.

Mgeni afikapo hukutana kwanza na lugha. Alfabeti ya Kipolonia ina herufi 32, na baadhi yake zimechorwa alama ndogo juu, chini au katikati. Mji wa Łódź hutamkwa karibu na kusema «Wuch», na maana ya jina hilo ni mashua. Tena majina hugeuka kwa kufuata kazi yake katika maneno. Mji ni Warszawa. Lakini akaaye humo husema w Warszawie, na aendaye huko husema do Warszawy. Hata ukimwita rafiki yako Adam, wapaswa kusema Adamie. Wageni wengi huona jambo hilo kuwa mzigo. Lakini sisi tuliozoea kusema mtu mzuri, kiti kizuri na maji mazuri, hatukuona ajabu kwamba maneno hufuatana. Sisi hugeuza kichwa cha neno, wao hugeuza mkia.

Heshima nayo imo ndani ya lugha. Mtu mzima usiyemzoea huwezi kumwambia «wewe». Huo ni utovu wa adabu. Utamwita Pan, yaani Bwana, au Pani, yaani Bibi, na utasema naye kana kwamba unamtaja mtu mwingine: «Je, Bibi anapenda chai?» Mtoto wa kwetu aliyefundishwa kutomwita baba yake kwa jina atafahamu upesi maana ya desturi hiyo.

Ukialikwa nyumbani, usimpe mwenyeji mkono huku mlango uko katikati yenu. Ingia kwanza, kisha salimu. Viatu huvuliwa karibu na mlango. Ukimletea mama wa nyumba maua, hesabu yake iwe 3, 5 au 7, kwa maana maua ya hesabu shufwa ni ya kupelekwa makaburini. Chakula kikubwa huliwa mchana au alasiri. Supu hutangulia, kisha huja viazi, nyama na kabichi. Supu moja, iitwayo żurek, hupikwa kwa unga uliochachushwa siku kadhaa. Mama zetu wanaolowesha mihogo hata ichache wangefahamu ladha yake mara moja. Wazee wengine huchora ishara ya msalaba juu ya mkate kabla ya kuukata. Nao wana methali isemayo: Mgeni nyumbani, Mungu nyumbani. Sisi husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Njia ni mbili, lakini zafika pamoja.

Siku inayopita zote ni tarehe 24 Desemba, mkesha wa Noeli. Tangu mwaka 2025 siku hiyo ni ya mapumziko kwa sheria ya nchi. Watoto hutazama mbinguni kuitafuta nyota ya kwanza, na ikionekana jamaa hukaa mezani. Chini ya kitambaa cha meza huwekwa majani makavu, kwa kukumbuka hori ya Betlehemu. Kwa desturi, vyakula ni 12, bila nyama: samaki, uyoga, kabichi, supu ya mizizi myekundu. Kabla ya kula, kila mtu hushika kipande cha opłatek, mkate mweupe mwembamba ufananao na hostia, ingawa sio Ekaristi. Huvunja kwa kila mmoja, wakitakiana heri. Na waliokosana hupata nafasi ya kupatana. Mezani kuna sahani moja ya ziada, mahali pasipo mtu, kwa ajili ya mgeni asiyetazamiwa. Sisi tulio mbali na mama zetu twaelewa sahani hiyo ina maana gani.

Lakini desturi hizo hazikudumu bure. Katika miaka ya 1772, 1793 na 1795 wafalme wa Prusi, Urusi na Austria waligawana nchi hiyo hata jina lake likafutika katika ramani kwa muda wa miaka 123. Katika mji wa Września, uliokuwa chini ya Prusi, mwaka 1901 iliamriwa watoto wafundishwe dini kwa Kijerumani. Watoto wakakataa kujibu, wakapigwa viboko. Wazazi waliokwenda kulalamika walishtakiwa, na wengine wakafungwa. Nchi ilirudi mwaka 1918, na lugha ilikuwa hai bado. Tena katika vita vya 1939 hata 1945 Wajerumani walifunga shule kubwa za Wapolonia. Walimu wakafundisha kwa siri katika nyumba za watu.

Afrika yetu imeliona jambo hilo kwa macho. Tangu mwaka 1942 maelfu ya Wapolonia, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu katika nchi ya Urusi, walipokelewa Tengeru karibu na Arusha, na Masindi katika Uganda. Hata huko, chini ya jua la ugenini, walifungua shule za Kipolonia. Makaburi yao yako Tengeru hata leo.

Basi, enyi wazazi, tuulizane. Katika miji yetu ya Bukavu na Lubumbashi yuko mtoto anayemjibu nyanya yake kwa Kifaransa, na nyanya hafahamu. Kifaransa ni chombo chema. Sisi wenyewe tulisoma kwacho. Lakini hakuna mtawala anayetukataza leo kusema Kiswahili, Kishi au Kibemba nyumbani, wala mtoto hapigwi viboko kwa kusali katika lugha ya mama yake. Likipotea neno la wazee, litakuwa limepotea mezani petu, sisi tukiwa tumekaa hapo. Nanyi wanafunzi, jioni hii mwombeni nyanya awafundishe neno moja msilolijua, na kesho lingine.