Daraja Mbili: Safari ya Sentensi Moja

Mwanafunzi wa Kiswahili anayefika mjini Kisii kwa mara ya kwanza hukutana na kosa la sarufi kabla hajakutana na watu. Soko kubwa la wazi la mji huo linaitwa Daraja Mbili. Shuleni tulifunzwa kwamba nomino hiyo imo katika ngeli ya LI-YA: daraja moja, madaraja mawili. Soko halikusoma kitabu chetu. Limeitoa nomino katika ngeli yake na kuitia katika ngeli ya I-ZI, pamoja na nyumba, nguo na ndizi, ambazo umbo lake halibadiliki ziwe katika umoja au katika wingi.

Mimi nimezaliwa katika viunga vya mji huo, na mama yangu ameuza ndizi Daraja Mbili tangu nilipokuwa mgongoni mwake. Nilipojiunga na chuo kikuu, nilipenda kuwachekesha wenzangu kwa kuwaambia kwamba natoka mahali ambapo hata daraja limenyimwa wingi. Leo silicheki tena jina hilo. Nakusudia kumsimulia msomaji jinsi kosa la umoja na wingi, lililotokea kati ya lugha mbili za kompyuta, lilivyokaribia kuiharibu tasnifu yangu, na jinsi nilivyoligundua nikiwa nimeketi juu ya gunia tupu katika soko hilo hilo.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu lugha ya wahusika wadogo katika tamthilia za Kiswahili za Kenya, zikiwemo Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui na Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia. Swali langu lilikuwa rahisi kuuliza: je, watunzi wetu huwapa askari, vibarua na watumishi sentensi fupi kuliko wanazowapa watawala? Kulijibu ndiko kulikuwa na kazi. Nilianza kuhesabu maneno kwa kalamu na daftari. Baada ya majuma mawili macho yaliuma, na hesabu ya jioni haikulingana na ile ya asubuhi. Ndipo rafiki yangu mmoja anayesomea takwimu aliponishauri niikabidhi kompyuta kazi hiyo.

Hapo nilikutana na lugha mbili. Ya kwanza ni R, lugha ya wanatakwimu, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ya pili ni Python ya Guido van Rossum, iliyotolewa kwa umma mwaka wa 1991, ambayo watu wengi huipenda kwa kazi za kukatakata na kuchambua matini. Rafiki yangu alikuwa ameniandikia kwa Python fankisheni moja, yaani kifungu cha maagizo kilichopewa jina ili kiitwe kila kinapohitajika. Fankisheni hiyo ilipokea sentensi za mhusika, ikahesabu maneno katika kila sentensi, ikarudisha wastani. Majedwali na michoro yangu, hata hivyo, nilikuwa nikiyatayarisha kwa R. Ilinibidi basi nikiwa upande wa R niiite fankisheni iliyokaa upande wa Python.

Jambo hili si la ajabu kama linavyosikika. Lugha za takwimu zimeishi kwa kuitana tangu utotoni. Lugha ya S, ambayo ndiyo mzazi wa R, ilianza mwaka wa 1976 katika maabara ya Bell huko Marekani, mikononi mwa John Chambers na wenzake, na kusudi lake la awali lilikuwa kumpa mtafiti njia nyepesi ya kuzifikia programu za hesabu zilizokwisha kuandikwa kwa Fortran. Hadi leo mtu akitumia amri ya lm katika R kutafuta mstari wa regresheni, sehemu nzito ya hesabu hiyo hufanywa na msimbo wa Fortran. Mtumiaji haoni. Huagiza kwa lugha moja, kazi ikafanywa kwa nyingine, jibu likarudi kwa ile ya kwanza. Ndivyo ilivyo hata pale sokoni: mchuuzi husikia bei kwa Kiswahili, huikokotoa kichwani kwa Ekegusii, kisha hujibu kwa Kiswahili, na mnunuzi asijue kwamba hesabu imevuka mto mara mbili.

Daraja nililolitumia mimi linaitwa reticulate. Lilitangazwa mwaka wa 2018 na kampuni iliyoitwa RStudio wakati huo, ambayo tangu 2022 inajulikana kwa jina la Posit. Ukiisomesha R faili ya Python kwa amri ya source_python, fankisheni zilizomo huonekana katika R kana kwamba zilizaliwa humo. Kila unapoziita, daraja huchukua data zako, huzigeuza umbo zieleweke upande wa pili, kisha hurudisha jibu likiwa limegeuzwa tena. Kwa ufupi, reticulate ni mkalimani, na ukalimani una mitego yake.

Mtego wa kwanza ulinikamata siku ile ile. Nilitaka fankisheni isome kurasa 10 tu, nikaandika 10, ikakataa kwa ujumbe mrefu wa kosa. Kumbe namba 10 iliyoandikwa hivi hivi katika R huhesabiwa kuwa ni namba yenye desimali, na Python ilikuwa ikitaka namba kamili. Dawa ilikuwa kuandika 10L. Mtego wa pili ulihusu kuhesabu: R huanza na moja, Python huanza na sifuri, kwa hiyo kipengele cha tatu cha huku ni namba mbili kule. Hili halikunishangaza. Sisi tunaosema saa tatu za asubuhi huku saa ya Kiingereza ikionyesha tisa tumezoea kuishi na mianzo miwili ya hesabu. Makosa kama lile la kwanza hupiga kelele, na kosa lenye kelele ni jirani mwema, kwa kuwa hukuamsha kabla nyumba haijaungua.

Mtego wa tatu haukusema neno. Programu ilikwenda vizuri hadi mwisho, ikanipa jedwali safi. Watawala na mashujaa wa tamthilia walikuwa na sentensi za urefu wa kawaida. Wahusika wadogo walionyesha wastani wa neno 1 kwa sentensi, au zaidi ya hapo kidogo. Nilifurahi kupita kiasi. Niliandika sura nzima ya tasnifu nikidai kwamba lugha ya mnyonge katika tamthilia zetu imekatwakatwa, kwamba mtunzi anapomtetea mtu wa chini humnyima hata kishazi kamili, na kwamba ukimya wake ni wa kisarufi kabla ya kuwa wa kisiasa. Sentensi hiyo ya mwisho niliipenda mno hata nikaikariri. Msimamizi wangu aliisoma sura hiyo, akaisifu, na tukaanza kuzungumzia tarehe ya utetezi.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani, na siku ya soko nikamsindikiza mama Daraja Mbili. Alikuja mnunuzi mmoja, mtu wa makamo, mgeni kwa namna alivyotazama huku na huko. Akasema, "Mama, nipe ndizi."

Mama hakunyosha mkono. Alimwuliza, "Ngapi, baba? Moja, chane, au mkungu?"

Mtu yule alitaka mkungu. Alipokwisha kwenda nilimwuliza mama kwa nini humsumbua mteja kwa maswali, ilhali angeweza kukisia tu. Alinitazama kama anayemtazama mtoto. Akanieleza kwamba kwa lugha yetu mtu akisema ritoke, anataka moja. Akisema amatoke, anataka nyingi, na wewe unajua la kufanya. Lakini Waswahili wanasema ndizi, basi. Moja ni ndizi, mia ni ndizi. "Usipouliza," akasema, "utamkatia chane mtu aliyekuja na gari."

Sikumjibu. Nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisoma juujuu na kulipita. Katika R hakuna kitu kilicho peke yake. Sentensi moja ni vekta yenye kipengele kimoja, sentensi mia ni vekta yenye vipengele mia, na umbo ni lile lile, kama ndizi. Python hutenganisha umoja na wingi, kama Ekegusii: sentensi moja ni mfuatano wa herufi, sentensi nyingi ni orodha. Je, mkalimani wangu alipopewa vekta yenye kipengele kimoja tu, alikuwa akiipeleka kule kama nini?

Usiku huo nilifungua kompyuta mezani kwa mama nikaijaribu fankisheni kwa maneno mawili ya mtumishi wa kubuni: "Naam, bwana." Niliiagiza inieleze imepokea sentensi ngapi. Ikajibu: 12.

Niliyahesabu kwa kidole. N, a, a, m, mkato, nafasi, b, w, a, n, a, nukta. Kumi na mbili. Daraja lilikuwa limekitoa kile kipengele kimoja ndani ya vekta na kukikabidhi kwa Python kikiwa peke yake, si orodha. Python ilipoambiwa ikipitie kipengele kwa kipengele, ikakipitia herufi kwa herufi, ikaihesabu kila herufi kuwa ni sentensi ya neno moja. Nafasi haikuwa na neno, kwa hiyo wastani ulipungua kidogo chini ya 1, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote. Lakini mimi nilikuwa nimeiamuru R ikadirie kwa namba nzima, na ukadiriaji ukaificha aibu. Kila mhusika aliyesema sentensi moja kwa zamu yake alikatwakatwa hivyo. Watawala nao walidhurika mara chache, ila wao hupewa hotuba, na hotuba ina sentensi nyingi, hivyo ilivuka salama. Wanyonge huitikia kwa sentensi moja. Hawakukatwa na mtunzi. Niliwakata mimi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo hilo limeelezwa waziwazi katika maelezo ya reticulate, pamoja na dawa yake: upande wa pili ukihitaji orodha nawe una kitu kimoja, kifunge kwa amri ya list kabla hujakivusha. Neno moja tu. Hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mimi.

Nilimwandikia msimamizi wangu asubuhi iliyofuata nikaiomba sura yangu. Haikuwa barua rahisi. Utetezi uliahirishwa, na kuahirishwa kwake kulimaanisha karo ya muhula mwingine, ambayo hutoka katika mikungu ile ile. Nilirudia hesabu zote. Tofauti kati ya wakubwa na wadogo ilibaki, lakini ilikuwa ndogo, wala haikutosha kubeba dai langu. Nilipowasoma upya wahusika wale niliona nisilokuwa nimeliona: wengi wao husema sentensi moja kwa zamu, naam, lakini sentensi hiyo ni kamili, ina kiima na kiarifu, na mara nyingine ndiyo inayogeuza mkondo wa onyesho zima. Sura mpya inahusu hilo. Haina sentensi ya kukariri kama ile ya kwanza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikulishuku jedwali lile. Nadhani jibu ni kwamba lilinipa nilichokuwa nikikitaka. Nilikuwa tayari kuamini kwamba watu wa chini husema kwa makombo, mimi niliyelelewa na mwanamke anayesema sentensi moja kwa mteja na kumaliza biashara. Mashine haikunidanganya. Iliitafsiri amri yangu kama nilivyoiandika, na mimi nikaipokea tafsiri bila kuuliza swali ambalo mama humwuliza kila mgeni.

Ndugu zangu wa chama hiki, wengi wetu sasa tunaitumia kompyuta kuchunguza matini za Kiswahili, na sioni sababu ya kuiogopa. Ninachowasihi ni hiki: kabla ya kuvusha tamthilia nzima, vusha sentensi moja. Ipeleke upande wa pili, uliza imepokewa kuwa ni nini na ni ngapi, kisha uihesabu kwa kidole. Sisi tuliokesha na ngeli hatuna udhuru, kwani umoja na wingi ndilo somo letu la kwanza.

Hivi karibuni nilimweleza mama, kwa kadiri nilivyoweza, kwamba swali lake ndilo lililoiokoa kazi yangu. Alisikiliza hadi mwisho huku akizipanga ndizi zake. Kisha akauliza swali moja tu, sentensi nzima yenye kiima na kiarifu: karo ya muhula huo wa ziada ni mikungu mingapi?