Panga ya Saidi: Tazama Unapokanyaga

Ukifika Panga ya Saidi, kwenye miinuko ya Dzitsoni, Kilifi, kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini, usikimbilie mwangaza. Unaingia pale dari ya pango ilipoporomoka. Mawe ya huku ni ya chokaa. Maji ya mvua huyala polepole, hata juu pakabaki gamba tu, pengine limefunikwa majani. Mgeni akilikanyaga, huyo chini! Na chini ni mawe matupu. Basi tafuta mwenyeji, beba tochi mbili, na uombe ruhusa, kwani Wamijikenda wanapaheshimu hapa kuwa ni mahali patakatifu.

Ndani humo wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa ng'ambo walianza kuchimba mwaka 2010. Mita 3 hivi chini ya sakafu walikuta kishimo kidogo, na ndani yake mifupa ya mtoto wa miaka kama 3, kalazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Wakamwita Mtoto. Mwaka 2021 walitangaza kwamba alizikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Hakuna kaburi la binadamu wa aina yetu lijulikanalo Afrika lililo kongwe zaidi. Kichwa, wanasema, kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu, yumkini mto, uliooza zamani.